Siku moja Sevilla: basi kwanza, flamenco mwisho

Mara ya kwanza nilipofika Sevilla, mji wa kusini mwa Hispania, ilikuwa Agosti, na siku yangu niliipanga kinyume. Asubuhi, upepo ukiwa bado mtamu, niliimaliza nikiwa nimesimama kwenye foleni. Saa tisa alasiri, jua likichoma, ndipo nikapanda basi la watalii na kwenda kukaa ghorofa ya juu isiyo na paa. Kiti kilikuwa cha moto hata nikatandika daftari ndipo nikakalia. Saa nne usiku nikaingia kwenye ukumbi wa flamenco, muziki wa huko wa kuimba, gitaa na dansi, nikiwa hoi. Mwimbaji alikuwa hatua tatu mbele yangu, na leo sikumbuki hata kipande kimoja cha alichoimba. Hilo limeniuma kuliko jua.

Nimerudi baadaye, na sasa ninajua kwamba katika mji huu mpangilio wa saa ni muhimu kuliko orodha ya vivutio. Anza kwa mbali na juu, kwenye basi, ili ujue mto uko wapi na mji umekaaje. Kisha shuka utembee. Flamenco iwe ya mwisho, na kabla yake uwe umepita Triana kwa miguu, kwa sababu sehemu kubwa ya muziki huo ilikulia kwenye nyua za mtaa ule. Anayeingia ukumbini akitokea hotelini husikia kelele za viatu. Aliyetoka Triana husikia mtaa.

Kabla ya siku yenyewe

Chagua mwezi kwanza. Machi, mwishoni mwa Oktoba na Novemba ni miezi ya raha. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40 mara nyingi, na si joto la pwani lenye upepo wa bahari. Ni joto kavu la bara linaloganda kwenye kuta hadi usiku. Wiki ya kuelekea Pasaka, na wiki ya Feria, sherehe kubwa ya mji inayofuata wiki mbili hivi baada ya Pasaka, ni za ajabu kuzishuhudia, ila ratiba hii haitafanya kazi: barabara hufungwa, mabasi hubadilishiwa njia, na vyumba hupanda bei vibaya.

Siku ya wiki: kati ya Jumanne na Jumamosi. Jumatatu makumbusho mengi hufungwa, na Jumapili maduka mengi hayafunguliwi.

Vitu viwili vikatiwe tiketi mtandaoni mapema: flamenco, na jengo moja la kihistoria. Nasema moja. Kanisa kuu na jumba la kifalme la Alcázar viko jirani kabisa, na kila mtu hutaka vyote kwa siku hiyohiyo. Alcázar peke yake, ukiitendea haki, huchukua saa tatu nzima. Kwa siku yenye basi, matembezi na flamenco, mimi ningechukua kanisa kuu kwa ajili ya mnara wake, Giralda, na Alcázar ningeiachia siku nyingine. Tiketi za kuingia huwa na saa maalumu.

Angalizo kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili: tiketi itaandikwa 19:00 au 20:30. Hiyo ni saa moja jioni na saa mbili na nusu usiku. Andika kwa mkono wako pembeni ya tiketi, kwa Kiswahili. Halafu kumbuka kwamba Hispania iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja kipindi cha kiangazi na saa mbili kipindi cha baridi, kwa hiyo simu ambayo haijajirekebisha inaweza kukupotezea onyesho.

Bajeti ya mtu mmoja, kwa makadirio: basi la watalii karibu euro 25, flamenco kati ya 20 na 30, kanisa kuu zaidi kidogo ya 10, chakula cha mchana kama 15. Maji hayana gharama. Ya bombani yananyweka, beba chupa. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya atahitaji viza ya Schengen, na hiyo ianzwe miezi kabla.

Saa tatu na nusu asubuhi: basi, bila kushuka

Panda karibu na Torre del Oro, mnara wenye pembe kumi na mbili ulio ukingoni mwa mto. Ulijengwa mwaka 1220 na 1221, Waislamu wa dola ya Almohadi wakiwa bado watawala, ili kuulinda mji kutoka upande wa mto. Jina la mto wenyewe, Guadalquivir, ni Kiarabu kilichopinda ulimini mwa Wahispania: wadi al-kabir, bonde kubwa.

Kaa juu, safu ya mbele ikipatikana. Vaa kofia yenye kamba au inayobana, maana darajani kuna upepo. Maelezo ya vipokea sauti yapo kwa lugha nyingi. Ya Kiswahili sijaikuta. Mimi huyasikiliza robo ya kwanza tu, kisha navua, nashika ramani ya karatasi na kalamu.

Kazi yako ni moja: zunguka mzunguko mzima bila kushuka. Najua basi limeuzwa kwako kwa sifa ya kupanda na kushuka utakavyo, na watu hushuka kituo cha pili tu. Wakishuka hivyo hupoteza kile pekee ambacho basi linakipa kuliko miguu, yaani umbo la mji. Weka alama kwenye ramani mambo matatu. Mto, na madaraja yake kwa mfuatano. Kisiwa cha Cartuja upande wa pili, palipofanyika Maonyesho ya Dunia ya 1992, na daraja jeupe la Alamillo la Santiago Calatrava lililojengwa kwa ajili hiyo, nguzo yake moja ikiwa imeegemea nyuma kama mvuvi anayevuta wavu. Tatu, kipande cha ukuta wa zamani upande wa kaskazini, mtaa wa Macarena. Ukishaona ukuta utaelewa kwa nini basi linazungukazunguka tu nje: katikati vichochoro ni vyembamba, basi haliingii. Kila kilichobaki cheupe kwenye ramani yako ndicho utakachotembea.

Kwa mwenye kubana matumizi: mabasi ya kawaida ya mji, C3 na C4, huzunguka mji wa kale kwa pande mbili tofauti, na nauli ya safari moja haifiki euro 2. Hayana ghorofa wala maelezo, lakini umbo la mji utalipata, pamoja na akina mama wanaotoka sokoni, jambo ambalo basi la watalii halina.

Mzunguko wa pili, shuka Plaza de España. Uwanja huu ulijengwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1929 na msanifu Aníbal González: jengo la matofali lililopinda kama mikono inayotaka kukumbatia, na chini yake mabaraza 48 ya vigae, kila moja la mkoa wa Hispania, yakipangwa kwa alfabeti. Usiyapitie yote. Chagua baraza moja, kaa juu ya vigae vya baridi, utazame picha yake kwa utulivu. Vigae vya namna hii ndivyo utakavyokuta asili yake jioni, Triana.

Saa tano na nusu: kwa miguu hadi Santa Cruz

Kutoka uwanjani nenda kaskazini kupitia bustani za Murillo. Ni mwendo wa robo saa. Ukimaliza bustani unaingia Santa Cruz, mtaa uliokuwa wa Wayahudi hadi walipouawa na kufukuzwa katika ghasia za mwaka 1391. Mitaa hii haikupewa wembamba kwa bahati mbaya. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mombasa ataitambua hesabu yake mara moja: kuta mbili ndefu zikikaribiana, jua hugusa chini kwa nusu saa tu, na upepo hupita kama kwenye bomba. Pita Callejón del Agua, kichochoro kinachofuata ukuta wa Alcázar, ambamo maji ya jumba yalikuwa yakipitishwa. Weka kiganja ukutani. Saa sita mchana bado ni baridi.

Hapa zima ramani ya simu. Mtaa ni mdogo, hutapotea kwa zaidi ya dakika kumi. Ukitaka kutoka, tafuta Patio de Banderas. Ukipita lango lake Giralda inasimama mbele yako ghafla, yote.

Miti iliyojaa machungwa kila kona, ambayo watalii huichuma, ni midanzi. Waandishi wa vitabu vya safari huandika "chungwa chungu la Sevilla", nasi pwani tuna jina lake tangu zamani: danzi. Halifai kumenywa na kuliwa. Ni la jemu. Ukija Machi, maua yake hunukia mtaa mzima.

Kwenye lango la kanisa kuu kina mama watakunyooshea kitawi cha mrozimari na kutaka kukusoma kiganja. Ukishika, utadaiwa pesa. Sema "no, gracias", endelea na njia. Mkoba uwe mbele.

Ndani, baada ya kaburi la Columbus, panda Giralda. Ulijengwa kati ya 1184 na 1198 ukiwa mnara wa msikiti mkuu. Mji ulipotekwa na mfalme Ferdinand III mwaka 1248 msikiti ukageuzwa kanisa, na baadaye ukavunjwa ili lijengwe hili lililopo, lakini mnara ukaachwa, ukaongezewa tu sehemu ya kengele juu katika karne ya 16. Karibu wote hauna ngazi, isipokuwa chache za mwisho. Una miteremko 35 inayopanda kwa kuzunguka, mipana vya kutosha mwadhini kupanda akiwa juu ya mnyama. Panda polepole, simama kwenye kila dirisha. Juu kabisa fungua tena ile karatasi uliyoiandika kwenye basi: mto ule pale, daraja la Triana lile pale, na asubuhi yako yote iko chini ya macho yako.

Saa nane mchana: kula, kisha lala

Kula saa wanayokula wenyeji, kati ya saa nane na saa tisa na nusu. Saa kumi majiko mengi huzimwa hadi usiku. Mlo ninaoupenda hapa ni espinacas con garbanzos, spinachi na dengu zilizoungwa kwa bizari nyembamba na kitunguu saumu. Ukiila huwezi kuamini uko Ulaya. Samaki wa kukaanga ni wazuri pia. Kwa asiyekula nguruwe: paja lake lililokaushwa, jamón, huwekwa hata pale usipolitarajia, mfano juu ya supu baridi ya nyanya iitwayo salmorejo. Sema "sin jamón, sin cerdo" kabla mhudumu hajaondoka.

Mezani utagundua unajua Kihispania kuliko ulivyodhani. Sukari ni azúcar, zeituni ni aceituna, limau ni limón, na meza, neno tuliloachiwa na Wareno, ni mesa. Wanapotamani jambo litokee husema "ojalá", ambayo masikio yetu yanajua ilikotoka.

Baada ya hapo rudi ulale kwa muda wa saa moja na nusu. Tafadhali usiiruke hatua hii. Mji wenyewe unafanya hivyo, maduka mengi madogo hufungwa, na hakuna unachokosa. Unajitunzia masikio ya usiku.

Saa kumi na moja na nusu jioni: Triana

Vuka kwa daraja la Isabel II, la chuma, lililokamilika mwaka 1852. Kwa karne nyingi kabla yake kulikuwa na daraja la mashua zilizofungwa pamoja, lililowekwa mwaka 1171, na kwa hiyo Triana ilikuwa ng'ambo kwelikweli. Wenyeji wa huko hujiita watu wa Triana kwanza.

Ukishuka tu darajani, kulia kwako kuna soko. Wauza samaki na mboga huondoka mapema mchana, kwa hiyo jioni utakuta migahawa tu. Nimelipima hilo nikaamua mwanga wa jioni una thamani kuliko samaki. Chini ya soko kuna magofu ya ngome ya San Jorge, makao ya mahakama ya kidini ya Inquisition hapa Sevilla. Kichochoro cha kando bado kinabeba jina hilo.

Nenda mtaa wa Alfarería. Jina lina maana ya ufinyanzi, na ndiyo kazi iliyoulisha mtaa huu kwa udongo wa kingo za mto. Jumba la makumbusho ya ufinyanzi lina tanuri za zamani ndani yake, na kuta za maduka jirani zimejaa vigae vya matangazo. Kisha endelea hadi Pagés del Corro, zamani ikiitwa la Cava, penye sehemu waliyokaa Wagitano.

Nieleze kidogo. Wagitano ni Waroma wa Hispania, yaani watu wa kabila la Roma, si wa mji wa Roma. Maandishi ya kwanza kuwataja nchini humo ni ya mwaka 1425. Hapa Triana wengi walikuwa wahunzi, wakikaa kwenye corrales: nyumba yenye ua katikati, vyumba kuuzunguka, familia moja kila chumba, kisima na sehemu ya kufulia ni ya wote. Mtu wa Kariakoo au wa nyumba yoyote ya kupanga yenye ua hahitaji kuchorewa picha. Arusi, msiba na ugomvi vilikuwa vya ua mzima, na nyimbo pia. Aina moja ya wimbo, martinete, ilitoka kwenye karakana za wahunzi na huimbwa bila gitaa. Mara nyingine husindikizwa na nyundo juu ya fuawe tu.

Kuanzia miaka ya 1950 nyumba nyingi hizo zilibomolewa, na Wagitano wakahamishiwa pembezoni mwa mji. Bei za vyumba leo Triana haziwezi kulipwa na wajukuu wao. Inanihuzunisha kila ninapopita, na ninaona mgeni anayekwenda kulipia flamenco anapaswa kulijua hili kabla hajakaa kitini. Corrales chache zimebaki. Watu wanaishi humo. Tazama ukiwa mlangoni, usiingie uani kupiga picha nguo zao zilizoanikwa.

Rudi mtoni kwa kupitia kanisa la Santa Ana, lililoanzishwa karne ya 13, hadi mtaa wa Betis. Kaa ukingoni. Jua linapozama, ng'ambo ile Torre del Oro na Giralda hugeuka rangi ya asali. Kula kitu kidogo tu.

Saa mbili na nusu usiku: ukumbini

Tafuta ukumbi mdogo, wa viti kama hamsini hadi mia, bila vipaza sauti, bila chakula. Maonyesho yenye mlo yana kelele za vijiko, na mwimbaji hulazimika kushindana nazo. Casa de la Memoria katika mtaa wa Cuna ni mfano wa aina ninayoipenda. Jumba la makumbusho la dansi ya flamenco, lililoanzishwa na mchezaji Cristina Hoyos wa Sevilla, nalo huwa na maonyesho jioni. Fika nusu saa kabla kama viti havina namba. Kaa mahali unapoona miguu ya mchezaji. Safu ya kwanza, ya pili, au pembeni.

Watakuwa watu wanne au watano: mwimbaji, mpiga gitaa, mchezaji mmoja au wawili, pengine na mpiga makofi. Macho yatakimbilia mchezaji. Kwa robo saa ya kwanza mtazame mwimbaji. Yeye ndiye kiongozi, na mchezaji anajibu sauti yake.

Jifunze hesabu moja ukiwa bado mtoni, kwa kugonga goti. Aina nyingi za flamenco huenda kwa mapigo kumi na mawili, na mkazo hauko sawa. Ukifika kumi usiseme "kumi na moja", ulimi utachelewa. Rudi kwenye moja, mbili. Hivi: moja, mbili, TATU, nne, tano, SITA, saba, NANE, tisa, KUMI, moja, MBILI. Nafasi ndefu mbili, kisha fupi tatu. Polepole, hiyo ni soleá. Iharakishe mara mbili au tatu, umefika kwenye bulerías. Usiku ule niliposikia kwa mara ya kwanza gitaa likiangukia kwenye "nane" yangu nilishika mkono wa jirani yangu nisiyemjua.

Hesabu kimya kimya. Usipige makofi kufuatisha. Makofi yao ni ala kamili: ya viganja vilivyokunjwa yana sauti nzito, ya vidole juu ya kiganja yana sauti kali, na mtu mmoja wa nje ya mapigo huwavuruga wote. "Olé" husemwa, lakini mwishoni mwa kipande, mwimbaji akishamaliza pumzi, kama vile tunavyotikisa kichwa mshairi akifunga beti. Usipokuwa na uhakika, nyamaza. Na kwa waliozoea taarabu: hapa hatuinuki kwenda kutunza jukwaani, hata moyo ukisukuma. Picha huruhusiwa dakika za mwisho tu, watatangaza.

Onyesho huchukua saa moja hivi. Ukitoka, nenda kwa miguu polepole; mitaa ya katikati hadi saa sita usiku ina watu na watoto. Kisha angalia nyuma ya tiketi yako ya basi. Nyingi za siku moja huhesabu saa 24 tangu ulipopanda, kwa hiyo kama ulipanda saa tatu na nusu, kesho uwahi basi la kwanza, uende Macarena ukauone ule ukuta kwa karibu kabla haijaisha.